Safu ya Chanzo

Daftari la wodi yetu lina safu saba.
Ya sita imeandikwa CHANZO,
upana wake vidole viwili.
Aliyeichora hakupata kulala Makete mwezi wa Juni,
sakitu ikitanda juu ya viazi
na ng'ombe wakifuka moshi puani kama wavuta kiko.

Vidole viwili. Basi naandika: uji.
Naandika: maji ya moto. Naandika: mkaa.
Kalamu inagoma kwa baridi, naipasha kwapani,
naandika tena: uji.

Atukuzwe Sanga, miaka miwili na miezi minne.
Uji.
Lakini uji haukushuka mafigani kwa miguu yake.
Mama yuko kwenye pareto tangu alfajiri,
mlezi ni dada mtu, ana miaka sita,
mafiga yako chini, usawa wa kifua cha mtoto,
na mlango umekomewa ili joto lisitoroke.
Nichague lipi
la kutosha vidole viwili?

Masika huniletea vifua na matumbo,
kipupwe huniletea ngozi.
Wengi hawajafikia kimo cha meza.
Wengi hufika siku ya tatu,
wamepakwa dawa ya meno, ute wa yai, unga wa ngano,
kila jirani na tiba yake,
nami nakaa kuubandua taratibu
ukarimu wa kijiji kizima kwa pamba na maji ya chumvi,
mtoto akimlilia bibi yake kwa Kikinga.

Meshaki Tweve huuza petroli ya chupa pale njia panda.
Umeme ulikatika. Alitaka kuona kwa mshumaa
dumuni imebaki kiasi gani.
"Ilikuwa imebaki, sista," akaniambia,
akacheka, na mdomo ukapasuka.

Usiku wa tarehe kumi na tisa
wakamleta Oresta Mahenge kwa machela ya blanketi.
Mkono wa kulia mpaka kiwikoni. Shavu. Sikio.
Walikuwa wanaota moto kwa shemeji yake,
viazi vimefukiwa majivuni,
kifafa kikamwangusha kifudifudi.

Nani alimtoa? nikauliza.
Wakatazama viatu.
Povu, sista. Povu lile huambukiza.

Watu wazima saba.
Niliwahesabu kama ninavyohesabu matone ya dripu,
nikiangalia saa.
Aliyemvuta mguu ni mtoto wa nyumba ya pili,
alikuja kuomba kaa la moto,
hakuna aliyekuwa amemfundisha kuogopa.

Nikaandika: moto. Nikafuta.
Nikaandika: kifafa. Nikafuta.
Karatasi ikatoboka.
Pembeni mwa tundu nikaandika: walisimama.
Herufi kumi. Likaenea.

Asubuhi bwana takwimu akapiga simu kutoka wilayani.
Neno hilo halimo kwenye orodha, akasema.
Ana vimiminika, ana miale ya moto, ana umeme, ana kemikali.
Nikamweleza. Akanyamaza kidogo,
nikasikia anapuliza chai yake.
Basi tumweke kwenye Mengineyo.
Huko ndiko aliko Oresta sasa,
atasafiri hivyo mpaka Dodoma.

Mchana nilimbadilishia Atukuzwe bandeji.
Nikamwambia mama yake: inua jiko.
Matofali manne yanatosha, mawili huku, mawili huku,
uji upande juu, mkono wake usifike.
Alinisikiliza vizuri. Aliuliza bei ya tofali,
akakunja vidole, akavikunjua.
"Tukishalipwa pareto," akasema.

Leo tarehe ishirini.
Juni imebakiza siku kumi,
na ukurasa huu una mistari minane.
Nimeshapiga rula ukurasa wa pili.
Safu ya sita nimeipanua kidogo,
nimeiba nafasi kwenye ile ya saini yangu.