Rangi ni Yangu

Usilete wembe, shemeji Nyawi.
Wembe una haraka ya kijana anayedaiwa:
utang'oa jina, utang'oa na rangi,
na rangi ni yangu.
Jina ndilo la mtu.

Chuma hiki nimekilipa mimi,
miezi kumi na sita ya kikoba, Barabara ya Kumi na Mbili,
kila Alhamisi noti zinazonuka mafuta ya nywele.
Kadi imeandikwa Mwanakheri Rajabu Mbwana,
lote, mpaka la babu.
Kaka yako alipewa usukani. Basi.

Na kila usiku aliiweka ubavu wa kulia ukutani.
Nikadhani ni adabu, asizibe njia ya majirani.
Jana kaumwa mgongo, ukaitumia wewe,
ukairudisha kinyume, hukujua.
Alfajiri nafagia uani, naikuta inanitazama:
herufi za manjano juu ya tangi la damu ya mzee,
ASANTE MAMA ILHAM,
na kopa jekundu mwishoni.

Mimi ni Mama Twaha.
Na aliyekopa ni mimi.

Bi Saumu wa mlango wa pili anapiga kelele: petroli!
La, shoga. Petroli hula gundi, kisha haishibi.
Itatafuna na mng'ao, tangi libaki na ukungu
kama jicho lenye mtoto wa jicho.

Nimetoa draya ya saluni, nimevuta waya hadi uani.
Moto wa kati. Usiikaribishe mno, usitulie mahali pamoja,
pita, pita,
kama unavyomkausha mteja mwenye kichwa chepesi.
Na yeye alikuwa na kichwa chepesi.
Mkesha wa Idi alikaa kwenye kiti changu,
draya ni hii hii,
akafumba macho akasema nina mikono ya upole,
akaniachia buku mbili juu.
Mtoto alikuwa mgongoni. Nilimpa biskuti.

Gundi ya mwaka mzima haitishwi.
Unaipasha, unaingoja,
kona ikilegea unaiinua kwa ukucha.
Kisha uzi wa kusukia, ule wa nailoni,
upitishe chini yake, huku na huku,
kama mwenye duka akatavyo sabuni ya mche.
Usivute juu. Vuta kwa kulaza.
A imetoka, S imetoka,
MAMA ikatoka nzima, laini, kama ngozi ya maziwa.
ILHAM iling'ang'ania.
Nikaipasha tena. Mtoto hana kosa.
Kopa ndilo lililokatika vipande vitatu,
sikucheka.
Nilicheka kidogo.

Utando uliobaki nikaupaka mafuta ya nazi,
nikauacha muda wa chai kuchemka,
nikaufuta kwa fulana kuukuu (yake),
mviringo, mviringo, bila kukaza mkono.
Mwisho maji ya sabuni.

Ndipo mwenye mgongo akatoka, mkono kiunoni.
"Umeosha pikipiki?"
"Nimeosha."
Akazunguka upande wa kulia. Akasimama pale
muda mrefu kuliko mgongo wake ulivyoruhusu.
"Imetakata," akasema.
"Imetakata."
Shemeji Nyawi alikuwa anahesabu kuku.
Hatuna kuku.

Hakuna mkwaruzo. Pitisha kiganja, utelezi mtupu.
Ila ukiinama usawa wa jua la saa tatu,
palipokuwa na herufi rangi ni mbichi,
kama siku tuliyoitoa dukani Chumbageni,
na pembeni yake pamepauka.
Jina linasomeka.
Wembe usingelitoa hilo. Wala petroli.

Nimeigeuza pikipiki.
Ubavu huo sasa unatazama barabara.
Jua la Tanga halina shemeji, halina mume,
litapapausha hapo taratibu
mpaka pafanane na pengine.
Nami nina wateja wawili kabla ya adhuhuri.