Upande Usioshonwa

Msumari uliniingia Jumanne, wa inchi moja,
nikautembeza mpaka Alhamisi bila kujua.
Ansima ndiye aliyeona, akifua soksi zangu:
"Baba, damu hii ya nani?"
Miguu yangu ilishahama mwilini bila kuaga,
kama wapangaji wenye deni la miezi minne.

Hapo maneno yakaanza kupanda mlima wa Kadutu
kunifuata nyumbani.
Shemeji Mushagalusa, kwa simu, toka Bujumbura:
usikubali, aliyekatwa kidole hukatwa goti.
Mchungaji: funga siku tatu, usile, usinywe.
(Mtu wa kisukari afunge! Mke wangu alimsindikiza
kwa heshima zote, kisha akafunga yeye: mlango.)
Mama wa majani, soko la Nyamugo,
alinusa kidonda, akanyamaza,
akanirudishia pesa zangu mkononi.
Huyo nilimheshimu.

Kwenye hospitali kubwa daktari alisoma karatasi.
Karatasi ndiyo iliyokuwa mgonjwa; mimi niliibeba tu.
Akamwambia mke wangu, "Atakatwa hapa,"
akachora mstari hewani, juu ya kifundo,
"dola mia tatu, nusu leo."
Sikukataa kukatwa.
Nilikataa kuchorwa hewani.

Miaka ishirini na sita nakaa chini ya ngazi zile zile
na msharasi, gundi, kopo la misumari.
Watu huniletea kiatu na swali moja.
Fundi anayesema "kinashoneka" kabla hajakunja soli
ana njaa.
Anayesema "tupa" kabla hajakishika
anauza vipya.
Mimi hutia mkono ndani kwanza,
mpaka pale kidole gumba kilipojichimbia shimo,
maana kiatu husema kwa ndani.

Basi nikamtafuta anayetia mkono ndani.

Dokta Nsimire nilimkuta Cimpunda, kituo kidogo,
bati linavuja, foleni ya akina mama hadi matopeni.
Alifungua kitambaa mwenyewe. Hakuziba pua.
Akatoa uzi wa nailoni,
ndugu wa ule wangu wa kushonea,
akanigusa unyayo:
Hapa? Sisikii.
Hapa? Sisikii.
Hapa?
Pale, karibu na kisigino, kitu kama sisimizi.
Tukatazamana kama watu waliookota funguo.

Nikamwuliza kwa lugha yangu: kinashoneka?
"Vidole viwili vimekufa, hivyo vitaondoka.
Mguu wenyewe, sijui.
Tukishavitoa, nipe siku kumi, usiukanyagie."
Sijui.
Nimeupeleka mguu huu kwa wenye magari, wenye biblia,
hakuna aliyekuwa tajiri kiasi cha kumiliki neno hilo.

Nikaomba usiku mmoja wa kulala na vidole kumi.

Mke wangu alisema: kituo kinavuja.
Kinavuja.
Hana mashine.
Hana. Na mambo yakimshinda kuna mwenzake Ibanda,
nilimwuliza, alinipa jina na namba.
Akakaa kimya muda mrefu,
kisha akashusha kopo la sukari,
ambamo siku hizi tunaweka dola tu,
akahesabu mara mbili.
"Mguu ni wako," akasema. "Lakini mimi ndiye
nitakayekupandisha mlima huu. Kwa hiyo na mimi nimekubali."

Nikaweka saini. Herufi zilikwenda upande,
Cishesa, kama mtu anayeteremka kwenye utelezi.

Leo ni siku ya tisa. Nimekaa kitandani, mguu juu ya mto,
nakata ngozi ya kiatu cha kushoto
kifupi kwa vidole viwili.
Shemeji amepiga simu; sikupokea.
Nimeshona kisigino, nimeshona ubavu wa ndani.
Ubavu wa nje nimeuacha wazi,
sindano imening'inia na uzi wake,
mpaka kesho nisikie.