Lugha ya Ndoo

Mchezo tunao: msichana anapandisha ndoo
kutoka bombani Mabatini hadi nyumba ya juu kabisa,
jiwe kwa jiwe, na maji yakimwagika amekwisha.
Kilichobaki ni lugha.

Lukonge anataka Si-plasi-plasi.
"Ndiyo lugha ya wanaume," anasema, kisha anakohoa,
maana Milembe yuko mlangoni, na mawe yote kachora yeye.
Siku nne tukaandika. Ya tano,
nukta-mkato moja ikatukesha hadi adhana.
Kompyuta ikanguruma kama mashine ya kusaga,
umeme ukakatika,
tukabaki na giza na feni iliyokufa.

Nikasema, twende na Chatu
(Paitoni, kama unaona aya kumwita jina la nyumbani).
Mpole. Anasomeka kama barua ya shangazi.
Jioni moja tu msichana akasimama, akatembea,
ndoo ikayumba kichwani.
Lakini chatu akishiba hakimbii:
mawe yalipofika arobaini
akajikunja, akalala.

Hapo tukaanza kutukanana kwa Kisukuma,
Kiswahili kilikuwa na adabu mno.
Nikajishtukia.
Bei ya dagaa naipatana kwa Kiswahili,
bibi namwamkia kwa Kikerewe,
wala hakuna siku niliyokaa kitako nikachagua.
Nilimtazama tu anayenisikiliza.

"Nani atacheza?" Milembe akauliza.
Akaweka mezani simu ya mdogo wake:
kioo kina ufa kutoka kona hadi kona,
nafasi imejaa picha za harusi ya watu,
bando la mia tano, la kugawana.

Basi.
Si-plasi-plasi tukamrudishia Lukonge aitunze.
Chatu nimemwachia hesabu za duka la mama.
Tumechukua Javaskripti, lugha ya ovyo,
inayojumlisha neno na namba bila haya,
ila hufunguka popote, hata nyuma ya ufa.

Leo mtoto kacheza. Kamwaga mara kumi na moja.
Ya kumi na mbili kafika jiwe la mwisho,
shingo kaikaza, kana kwamba ndoo iko kichwani kwake.
Hakuuliza tumeandika kwa lugha gani.
Aliuliza, "Mbona huku juu hakuna wa kumtua?"

Tukatazamana.
Lukonge akavuta kiti.