Beji ya Mwenzi

Beji zao zina jina, cheo na nchi.
Yangu imeandikwa MWENZI, basi,
na utepe wa kijani shingoni
kama mbuzi wa mahari.

Hainiudhi. Miaka kumi na tisa
nimeshona sare za polisi kule Naguru,
mabega ya wenye vyeo,
na hakuna aliyewahi kuuliza nani kashona.

Mke wangu, Dakta Kabugho, hupima barafu.
Kila mwaka hupanda Rwenzori na vijiti,
huchomeka, huteremka, hungoja,
kisha hurudi kusoma ni kiasi gani cha kijiti
kimebaki uchi.
Mimi Mteso, mtu wa tambarare, hupima viuno.
Sote wawili twaishi kwa futi,
ila wateja wangu wananenepa.

Mwaka huu mkutano umekuja kwao, Kasese.
"Mji ulio chini ya theluji," lilisema tangazo,
na wageni wakaitika na makoti ya sufu
hadi kwenye jua linalokaanga mabati.
Profesa mmoja alisahau glavu ndani ya teksi
na hajaziulizia tena.
Zipu ya mwingine ilikwama kidevuni, saa nne asubuhi,
jasho linamchuruzika.
Nikaitwa. Nikaja na kipande cha mshumaa,
nikapaka meno ya zipu, ikateleza, akapumua.
Hiyo ndiyo mada niliyowasilisha.

Sisi wenzi tulikuwa na ratiba yetu.
Jumatatu, ziwa la chumvi, Katwe.
Jumanne, ikweta, tupigwe picha
mguu mmoja huku, mwingine kule.
Bi Ingunn wa Norwei, mfugaji wa nyuki;
mzee Eusebio wa Peru, asiyejua lugha ya mkutano
wala kuitaka;
nami.
Tuliongea kwa njugu na kwa vidole.

Jumatano mvua ya usiku ilikuwa imesugua anga.
Saa mbili na robo, tukingoja basi,
dereva wetu Bwambale akanyamaza katikati ya neno
akaelekeza kidevu juu,
juu ya pale tulipodhani milima imeishia.

"Nzururu," akasema,
kwa sauti ya mtu aliyekutana na baba mkwe sokoni.

Ilikuwa ndogo. Sikutarajia.
Nimeolewa na barafu ile, naweza kusema hivyo,
imekula likizo zetu, imekula magoti ya mke wangu,
na kumbe ni kipande
cha kile ambacho fundi hukiacha chini ya cherehani,
hakitoshi hata kola.
Lakini weupe wake!
Bi Ingunn akavua kofia.
Eusebio akaanza kuhesabu kitu kwa lugha ya bibi yake,
akafika tatu, akaacha.

Ukumbini mapazia yalikuwa yamefungwa
ili michoro ionekane.

Nikakimbia. Mlinzi akaisoma beji yangu
pande zote mbili, kana kwamba nyuma pangekuwa na zaidi.
Mwenzi haingii.
Kwenye ufa wa mlango nikamsikia akisoma tarakimu
kwa sauti ile ile aliyonisomea joto la mama yake
wiki ile ya mwisho, hospitali ya Kilembe:
wazi, polepole, bila kutetemeka popote.

Niliporudi nje wingu lilikuwa limeshafunga vifungo.

Usiku alivua viatu, akaviacha njiani kama kawaida.
"Mlipelekwa wapi leo?"
Nikasema basi lilichelewa.
Kisha nikanyoosha kidole gumba na cha shahada
mbele ya taa,
nikaacha nafasi katikati,
kama ninavyomwonyesha mteja pindo:
"Tuliiona. Iko hivi."

Akavitazama vidole vyangu muda mrefu.
Halafu akavishika, taratibu,
akavisogeza vikaribiane.