Endapo

Barua tatu mezani, na LUKU
imebakiza yuniti moja na kitu.
Niseme upesi.

Iringa wamenichukua. Senti hawana.
Wameandika "tunayo furaha", kisha ada
kwa tarakimu, kisha kwa maneno,
kama hati ya madai,
mdaiwa asije akasema hakuelewa.

Mwanza nipo orodha ya akiba,
nambari kumi na tisa.
Nimekaa nikiwawaza wale kumi na wanane:
nani atapata kazi, nani atapata mimba,
nani ataitwa kwingine penye jina kubwa.
Si vizuri kumwombea mtu akwame ili wewe upite,
lakini Jumapili, tulipoambiwa tufumbe macho,
niliwahesabu.

Arusha, chuo kidogo,
jengo lake niliwahi kulipita nikadhani ghala.
Wanalipa ada yote.
Yote.
Nikamwita Mama kutoka jikoni, akapiga kigelegele
mpaka Mama Mbonea, ng'ambo ya ukuta,
akauliza mahari ni ng'ombe wangapi.

Nikarudi kusoma.
Ukurasa wa pili, aya ya nne,
neno limeinama kama mtu apitaye chini ya kamba ya nguo:
"Ufadhili utaendelea endapo mwanafunzi
hatashuka chini ya wastani wa B."

Miaka tisa nachapa hukumu Mahakama ya Mwanzo.
Endapo namjua.
Ndiye aliyemtoa Sifaeli kwenye nyumba ya Pasua,
endapo hatalipa ifikapo tarehe thelathini.
Tarehe ilifika. Yeye alikuwa wodini, anamuuguza mtoto.
Hakimu akasoma, mimi nikagonga herufi,
na neno lile halikutoa mlio tofauti na mengine.

Kaka yangu Mbazi anasema nitafaulu, mia kwa mia.
Mbazi anauza mitumba Kiboriloni;
kwake kila suti ni saizi yako.

Nikapiga simu chuoni.
Mwaka juzi mlianza na wafadhiliwa wangapi?
"Arobaini," akasema dada wa mapokezi, kwa furaha.
Na sasa wamebaki wangapi?
Akakohoa. "Subiri nikuunganishe."
Muziki ukapigwa mpaka salio likaisha.

Mama hupima maharage sokoni Mbuyuni.
Alfajiri, kabla ya mteja wa kwanza,
huitazama mizani ikiwa tupu.
Haweki kitu. Anaitazama tu, kama inalala upande.
"Ukianza kupima na imelala," husema,
"utaiba bila kujua. Au utaibiwa."

Haya, nijitazame mtupu:
miaka thelathini na mitatu,
kidato cha sita daraja la tatu,
stashahada ya masomo ya jioni,
binti wa darasa la tatu ambaye hesabu zake
nazisahihisha saa nne usiku, nikikosea kuliko yeye.
Usingizi saa tano.
Naam, nimelala upande. Upande wa Arusha.
Neno "yote" limekaa kwenye sahani
tangu kabla sijaanza kupima.

Mlima leo umejifunika, haumshauri mtu.

Nimechukua karatasi.
"Kwa Msajili. Nimepokea barua yenu kwa shukrani.
Nitaipokea nafasi hii endapo"
(hapo nikacheka peke yangu, binti akageuka kitandani)
"endapo chuo kitanieleza, kwa maandishi,
idadi ya walioupoteza ufadhili huu,
na kama aliyeupoteza muhula mmoja
anaweza kuurudia."

Labda watakasirika. Labda hawajawahi kuulizwa.
Labda nambari kumi na nane kule Mwanza
naye yuko macho sasa hivi,
ananihesabu.

Nikaandika jina langu, Nakiete, na la baba.
Yuniti zikaisha kabla ya nukta.
Nimeiweka gizani, kwa kukisia.