Waya wa Kuanikia

Saa kumi na moja alfajiri, Katuba, mwezi wa sita.
Pumzi yangu inanitangulia kutoka mlangoni.
Mikate mia tatu inaningoja kwenye tanuri la Kamalondo.
Nageuza ufunguo.
Toyota inasema: ngu… ngu… ngu…
kama mzee anayeitwa akiwa usingizini,
anaitika, haamki.

Siku ya nne hii.
Siku ya kwanza tuliisukuma hadi kwa wauza makala,
vijana watano, kila mmoja na bei yake.
Siku ya pili niliweka mbabula chini ya tumbo lake,
makala mekundu, nikakaa nayo kama mwenye mgonjwa,
na jirani Mujinga akapita akaniuliza
kama nakaanga au nachemsha.
Siku ya tatu nilinunua batri. Usiniulize bei.
Batri mpya, ngu ileile.

Leo amekuja Umba, fundi wa Ruashi,
koti la kike la manyoya, viatu viwili visivyo ndugu.
Hakufungua mfuko wa vyombo.
Alisema: Geuza. Nikageuza.
Akapitisha vidole juu ya nyaya, taratibu,
kama anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto,
kisha akaurudisha mkono haraka.
"Hapa panaunguza."

Katika asubuhi yote hii ya baridi
palikuwa na mahali pamoja tu penye joto
na hapo ndipo palipokuwa na ugonjwa.

Waya wa ardhi, alisema. Unga wa kijani umeula hadi mfupa.
Umeme unatoka kwenye batri, unakwenda kazini,
halafu haujui pa kupita kurudi nyumbani.
Nguvu ipo. Njia ndiyo haipo.
Nitafutie shaba, shubiri mbili, nene.

Nikacheka, kicheko kikatoka na mvuke.
Shaba! Hapa!
Ambapo bomba la kiwanda linaonekana kutoka kila choo,
ambapo malori yanapita usiku kucha kuelekea Kasumbalesa
na mabamba mekundu yaliyofungwa kama zawadi za watu wengine,
na watoto wanajua uzito wake kabla ya kujua kusoma.
Nikagonga mtaa mzima: shubiri mbili za shaba
hakuna. Kapya anayo, lakini ya wizi,
na ya wizi ina bei ya wizi.

Mama alikuwa amesimama uani, kitenge mabegani,
akisikiliza.
Juu ya kichwa chake ulipita waya wa kuanikia nguo,
ule alioleta baba mwaka walipomwachisha kazi,
ameuzungusha kiunoni, chini ya koti,
akitembea wima mbele ya walinzi kama padri.
Miaka thelathini na moja ya tanuru.
Pensheni yenyewe ndiyo hiyo: kamba ya kuanika suruali.

"Kata," akasema. "Upande wa choo. Wa jikoni uache."

Umba akakata mara tatu.
Alipotaka kusokota kwa koleo, mama akamnyang'anya:
"Hivyo utauvunja."
Akaketi juu ya ndoo, akabana ncha kwa vidole vya mguu,
akausuka, juu, chini, katikati,
kama alivyosuka vichwa vya dada zangu
Jumamosi zote za utoto wetu,
na pale palipotaka kulegea akavuta kwa nguvu,
akangoja kidogo,
kana kwamba waya nao ungelia.

Geuza.

Haikusema ngu. Ilikohoa mara moja, moshi mweupe
ukaenda moja kwa moja kwa Mujinga,
kisha ikashika, ikatetemeka, ikaendelea.
Umba akafunga boneti kwa kiwiko. Hakutabasamu.
Aliomba chai.

Nilifika na mikate saa mbili.
Ruashi nzima ilinitukana, kwa haki, ikanunua.
Jioni nimekuta nguo zimebanana kwenye waya uliofupishwa,
mashati yangu bega kwa bega na vitenge.
Shuka moja ilikosa nafasi:
mama ameitandaza juu ya boneti ya Toyota
ambayo bado ina joto.