Chupa za Sokwe

Sijawahi kumwona sokwe kwa macho.
Hapa Malindi tuna tumbili wanaoiba mikate
vibarazani mwa hoteli, tuna kima wa Gede
wanaokaa juu ya kuta kama wenye hati ya nyumba,
basi. Sokwe mimi namjua kwa mkojo wake:
chupa ndogo mia mbili na kumi na sita
zilisafiri na barafu kutoka msitu mmoja wa Kigoma
hadi friji yetu ya Ngala, nyuma ya duka la vigae,
friji ambayo stima ikikatika
naifunika mablanketi kama mgonjwa wa homa.

Kila chupa ina namba na saa.
Arubaini na moja: jike, ametoka kuchambuliwa chawa
na shoga yake, nusu saa, kivulini.
Oksitosini: juu.
Arubaini na mbili: jike yuyo huyo,
safari hii kachambuliwa na mgeni.
Haikupanda hata chembe.
Mwili una daftari lake la madeni,
hausubiri akili iulize huyu ni nani.
Bibi alikuwa akisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hakusema nani atakitoa.

Wakubwa wangu huiita kemia ya mapenzi,
hasa wafadhili wakija.
Hawaitaji chupa ya sabini na tano:
madume wamekaa kimya mpakani,
bega kwa bega, malaika yamewasimama,
wanasikiliza jirani ng'ambo ya korongo.
Kabla hawajavuka kwenda kuua
dawa ile ile inapanda.
Ile ile.
Nilirudia kipimo mara tatu
nikidhani nimechanganya chupa.

Wiki ile ndiyo tuliyomzika baba, huko Ganda.
Sisi wa nyumba ya Kadzo tulilala mkeka mmoja,
Dama ananisuka, mimi namsuka Nyevu,
vichwa vitatu msururu chini ya turubai,
na sijapata kuwapenda dada zangu kama usiku ule,
tukinong'ona juu ya wale wa nyumba ya pili:
kisima watakitaka,
minazi wameshaihesabu, mmoja kaonekana na chaki,
na Jumwa, yale machozi ni mate kajipaka.
Tulicheka hadi Nyevu akajiziba kwa leso.
Nilikuwa na joto kifuani. Joto tamu,
kama uji wa kwanza baada ya kuugua.
Hapo nikaikumbuka sabini na tano
na kichana kikaniganda mkononi.

Damu nzito kuliko maji. Ni kweli, nimeipima.
Gramu sitini zaidi kwa kila lita.
Uzito wa yai la kuku.

Siku ya tatu, alfajiri, nilimkuta Jumwa jikoni
akipuliza kuni mbichi. Paji la baba,
mguu mmoja kaukanyagisha juu ya mwingine
vile vile baba alivyokuwa akisimama akinyoa ndevu.
Jivu lilikuwa limemtua kisogoni,
pale ambapo mtu hajioni.
Mkono wangu ulikwenda.
Sikuutuma.
Baadaye niliandika saa, mazoea ya kazi,
kumi na moja na robo,
lakini chupa sikuwa nayo,
na hata ningekuwa nayo ningemwambiaje?

Alishtuka. Mabega yalipanda,
yakakaa hapo juu muda,
yakashuka.
Akasema bila kugeuka,
"Nusu ya kisima ni yetu. Usidhani nimesahau."

"Sijadhani," nikamwambia. "Inama kidogo,
kuna jingine huku."